Tiba ya Kichina ielezwe kabla ya kusifiwa au kubezwa

Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu tiba ya Kichina iliwapa nafasi wanaoisifu na wanaoibeza, lakini haikumweleza msomaji namna tiba hiyo inavyomtazama mgonjwa. Naomba kuongeza hilo.

Msingi wake, uliokwisha kuandikwa katika kitabu cha Huangdi Neijing yapata miaka 2,000 iliyopita, ni kwamba mwilini hupita nguvu ya uhai iitwayo chi, katika njia kuu 12, na kwamba afya ni ulinganifu wa pande mbili: yini, iliyo ubaridi na utulivu, na yangi, iliyo joto na mwendo. Wazee wetu wa pwani, wanaovigawa vyakula kuwa vya baridi na vya moto na wanaojua kupiga chuku, yaani kufyonza damu kwa pembe, hawataiona fikra hii kuwa ngeni sana, ingawa utabibu wao una asili nyingine. Kwa msingi huo wa ulinganifu, tabibu wa Kichina hutazama ulimi, husikiliza sauti na pumzi, huuliza juu ya usingizi na choo, kisha hupima mapigo katika sehemu tatu za kila kifundo cha mkono. Na watu wawili wanaoumwa kichwa waweza kuondoka na dawa tofauti, kwa kuwa kinachotibiwa ni hali ya mwili mzima. Sindano za akupancha nazo huchomwa katika vituo maalumu, ambavyo Shirika la Afya Duniani limevisanifisha kuwa 361, kwa nia ya kufungua njia iliyoziba.

Njia hizo hazijapata kuonekana kwa upasuaji wala kwa hadubini, na msomaji anastahili kuambiwa hivyo waziwazi. Anastahili pia kuambiwa kwamba majaribio yameonyesha akupancha hupunguza kwa kiasi maumivu sugu ya mgongo na kipandauso, japo tofauti kati ya kuchoma vituo vyenyewe na kuchoma mahali pengine imekuwa ndogo.

Mfano unaotuhusu zaidi ni malaria. Tu Youyou, mwanasayansi wa China, katika mradi wa utafiti ulioanzishwa na serikali ya China mwaka 1967, alisoma maelezo ya Ge Hong, tabibu wa Kichina wa karne ya 4, aliyeagiza mmea wa qinghao ulowekwe majini na kukamuliwa, si kuchemshwa. Akatambua kuwa huenda moto ndio ulioharibu dawa, akaikamua kwa etha, kimiminika kisichohitaji joto kali, akapata kile kilichokuja kuitwa artemisinini, msingi wa dawa ya mseto tunayoimeza leo. Mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Nobeli. Dawa hiyo haikukubaliwa kwa sababu ya ukale wake, bali kwa sababu ilijaribiwa kwa wanyama, kisha kwa watu. Kipimo hichohicho kimefichua kwamba mimea ya jamii ya aristolokia, iliyotumika China kwa karne nyingi, huharibu figo na kusababisha saratani.

Kwa hiyo, mtakapomhoji tena mwenye kliniki ya tiba hii, naomba mwandishi wenu amuulize kama amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2002, kama kila sindano hutumika mara moja tu, na anamwambia nini mgonjwa wa kisukari anayetaka kuacha insulini.

Msomaji wenu,
Tanga