Wimbo Usio na Kava: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi, hapa nyumbani wote wazima. Boksi la kanda litafika kwa basi la Jumamosi, pamoja na redio kaseti na waya zake, ili uzihamishie kwenye kompyuta. Uliniuliza kwa nini tusizitupe, maana nyimbo nyingi zilizomo unazo kwenye simu tayari. Unazo, sikatai. Ila kwenye simu kuna wimbo peke yake. Kwenye kanda kuna wimbo, mpangilio wake, maandishi yake, na mara nyingine sauti za sebule ulimorekodiwa. Hayo ndiyo yanayopotea wakati wa kuhamisha, na hakuna programu ya kuyarudisha.

Kila chombo kilichobeba muziki kiliukata kwa mkasi wake. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja, alipokwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, santuri ya mizunguko 78 kwa dakika ilibeba kama dakika tatu kila upande, basi taarab ya kukesha ikabidi ibanwe humo. Zikaja santuri ndogo za mizunguko 45, na dansi likakatwa katikati: upande wa kwanza masimulizi, upande wa pili magitaa yanapochachamaa na watu wanainuka vitini. Leo nyimbo hizo zimepandishwa mtandaoni kama mafaili mawili, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, na simu ikiachiwa ichanganye yenyewe inakupigia mchachamao asubuhi na masimulizi jioni. Ukikutana na wimbo wa namna hiyo, unganisha sehemu zake ziwe faili moja.

Kanda ilitolewa na Philips mwaka 1963. Iliyoandikwa C60 ina dakika 30 kila upande, C90 ina 45. Hapo taarab ikapata nafasi ya kupumua, wimbo ukaweza kwenda dakika kumi na tano bila mtu kuangalia saa. Na kanda hairukiki. Kuupita wimbo usioupenda kulimaanisha kusogeza mbele kwa kukisia huku betri zikiisha, kwa hiyo watu waliusikiliza tu, na wimbo wa tatu usiopendwa na mtu ukaishia kujulikana neno kwa neno. Mpangilio nao ulikaa kichwani: wimbo mmoja ukiisha, sikio lilikwishaanza kuusikia unaofuata. Kumrekodia mtu kanda ya dakika 60 kulichukua dakika 60, umekaa hapohapo na kidole kwenye kitufe. Aliyepewa alijua amepewa muda wa mtu. Siku hizi mtu anasema "nirushie", na wimbo unafika kabla hajamaliza sentensi.

Kilicholeta wepesi huo ni hesabu. Muziki wa CD unabeba kilobiti 1,411 kila sekunde, yaani karibu MB 10 kwa dakika. Taasisi ya Fraunhofer ya Erlangen, Ujerumani, ilikuwa mstari wa mbele kutengeneza njia ya kuondoa sauti ambazo sikio halizitambui, kwa mfano sauti ndogo inayofunikwa na kubwa iliyo karibu nayo. Mwaka 1995 mafaili hayo yakapewa jina la MP3. Kwa kilobiti 128 kwa sekunde, dakika moja inakula MB 1 hivi. Kadi ya GB 1 ikaanza kubeba nyimbo 250 za dakika nne. Vibanda vya kuingiza nyimbo vikauza folda: lete memori kadi, lipa, ondoka na taarab na bongo fleva kwa mkupuo. Hapo ndipo mambo yalipogeuka, kwa maoni yangu, kuliko hata ulipokuja mtandao wenyewe. Mtu akawa na nyimbo nyingi kuliko anazoweza kuzisikiliza, ambazo hakuzichagua, na asizojua nani kazipiga.

Sisemi kila kitu kimeharibika. Binti aliyeko Maskati anasikia taarab ya harusi ya Unguja usiku uleule. Na mafumbo yako palepale: zamani mwanamke aliinuka kwenda kumtunza mwimbaji ubeti uleule unaomchoma jirani, sasa anaukata ubeti huo na kuuweka kwenye stetasi, aliyekusudiwa anauona na baada ya saa 24 ushahidi haupo.

Kuhusu hizi programu za kusikiliza kwa kulipia, nina neno moja tu. Wimbo "uliopakua" humo umefungwa kwa ufunguo wa programu. Ukiacha kulipa, faili lipo kwenye simu lakini halifunguki. Zaidi ya hapo, Spotify huhesabu wimbo kuwa umesikilizwa ukifika sekunde 30, basi mtayarishaji anaona hasara kuanza na dakika mbili za ganuni, ile ala ya nyuzi ya taarab. Tumerudi kwenye mkasi wa santuri.

Sasa kazi yenyewe. Kabla ya kucheza kanda yoyote, vunja vijino viwili vya ukingo wa juu, ili kitufe cha kurekodi kisiweze kubonyea ukafuta kwa bahati mbaya. Tazama ndani kupitia kidirisha: ukiona unga mweupe juu ya mkanda, ni ukungu, na unyevu wa pwani huuleta sana. Kanda hiyo usiicheze, iweke kwenye mfuko wake peke yake, maana vumbi lake linabaki kwenye hedi, kile kipande cha redio kinachosoma mkanda, na kuhamia kanda nyingine. Kisha tazama kipande kidogo cha sponji kinachousukuma mkanda ugusane na hedi. Gundi yake huzeeka kikadondoka, na bila hicho sauti inafifia na kurudi. Chukua kingine kwenye kanda tupu isiyo na thamani, ukipachike. Kanda zenye skrubu tano zinafunguka vizuri. Zilizogundishwa, hamishia mkanda kwenye gamba lenye skrubu.

Peleka kanda mbele hadi mwisho, kisha irudishe yote. Mkanda uliokaa miaka mingi bila kusogezwa hunata kidogo, na ukiucheza moja kwa moja ndipo redio inapoumeza. Safisha hedi na ule mhimili wa chuma unaovuta mkanda kwa kijiti cha pamba na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, usubiri ikauke. Rudia kila baada ya kanda chache. Ukiona pamba inatoka ya kahawia, hiyo ni poda ya mkanda, endelea kusafisha.

Belti ya mpira ya redio hiyo nimeibadilisha, lakini hakikisha mwendo. Upande wa dakika 30 ukichukua zaidi ya 32, mwendo umepungua. Ukipungua kwa asilimia 6, wimbo mzima unashuka nusu toni, na mwimbaji anasikika ana mafua. Kurekebisha kwenye kompyuta baadaye kunawezekana ikiwa mwendo umepungua sawasawa. Ukiwa unayumbayumba, usihangaike na kompyuta, rekebisha redio.

Jambo ambalo wengi hawalifanyi ni kuinyoosha hedi. Pembeni yake kuna skrubu ndogo, mara nyingi inafikika kupitia tundu dogo huku kanda inacheza. Redio iliyorekodi na hii unayotumia hazilingani pembe, ndiyo maana sauti inatoka kama ya mtu aliyefunikwa blanketi. Zungusha taratibu, robo mzunguko haifiki, huku ukisikiliza kayamba au matoazi. Yanapokuwa makali na safi, acha hapo. Fanya hivyo kwa kila kanda iliyorekodiwa nyumbani. Watu hukimbilia kuongeza ukali kwa programu, wanachoongeza ni mvumo wa mkanda.

Soketi ya kompyuta mpakato mara nyingi ni ya maikrofoni, inapokea sauti ya upande mmoja tu na inaikwaruza. Tumia kile kidude cha USB nilichofungasha ndani ya soksi. Chomeka waya kwenye tundu la kutolea sauti la nyuma ya redio. Likikorofisha, tumia la hedifoni, sauti ikiwa kama nusu. Kwenye Audacity, programu ya kurekodi sauti, weka biti 24 na Hz 48,000, na panga kiwango ili sehemu yenye kelele kuliko zote isivuke desibeli 6 chini ya kikomo. Sauti ikigonga kikomo inakatwa kichwa, na hiyo hairekebishiki. Rekodi upande mzima bila kusimamisha. C90 moja itakula kama GB 1.5 kwa WAV, faili la sauti lisilobanwa. Ihifadhi kwa FLAC, inapungua sana na hakuna kinachotupwa.

Usikate kitu kwenye faili hilo la kwanza. Kanda nyingi humo zilirekodiwa kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam, kwa hiyo utasikia mtangazaji anaingia juu ya gitaa la mwisho, salamu zinasomwa, pengine mtoto analia. Usiviondoe. Mtangazaji ndiye anayekutajia bendi na mtunzi, na salamu ndizo zinazokwambia nani alimtumia nani. Programu ya kuondoa mvumo nayo itumie kwa mkono mwepesi au uiache kabisa: haijui tofauti ya mvumo na pumzi ya mwimbaji, na fidla ndizo za kwanza kuumia.

Ukishamaliza, tengeneza nakala, ndiyo ukate nyimbo mojamoja na kuzigeuza MP3 ya kilobiti 192 au 256. Kugeuza faili la 128 liwe 320 hakurudishi kitu, unaongeza uzito tu. Kumbuka pia MP3 huongeza ukimya kidogo mwanzoni na mwishoni mwa kila faili, hivyo onyesho la jukwaani ambalo nyimbo zinashikana litakwaakwaa. La namna hiyo liache upande mzima kama lilivyo.

Halafu maandishi, ambayo ndiyo kava la faili. Ukipokea wimbo kwa WhatsApp, jina lake linaweza kugeuka kuwa AUD na tarakimu, lakini lebo zilizoandikwa ndani ya faili zinabaki. Kwa hiyo usitegemee jina la nje. Lebo za kwanza, ID3 za mwaka 1996, zilikuwa na herufi 30 tu kwa jina la msanii. Hesabu mwenyewe: jina la bendi ya International Orchestra Safari Sound linaishia kwenye "Safari", na "Sound" inaanguka nje. Orodha yake ya aina za muziki ilikuwa na nafasi 80 bila taarab wala dansi la kwetu, kulikuwa na mafungu kama la "kikabila" ya kumtupia kila mtu. Maandishi ya Kiarabu yaligeuka alama za kuuliza. Siku hizi tumia ID3 ya 2.3, si 2.4, kwa sababu redio nyingi za magari haziisomi hiyo ya pili. Programu za Mp3tag au Kid3 zinatosha kuandika lebo.

Jaza jina la wimbo, bendi, mtunzi ikiwa anajulikana, namba ya wimbo kwa mpangilio wa kanda, na kwenye albamu andika maneno yaliyo kwenye kava, pamoja na A au B. Kwenye nafasi ya maoni andika kanda ilikuwa ya nani na imerekodiwa kutoka wapi. Piga picha kava pande zote mbili, punguza picha iwe pikseli 600 kwa 600, uipachike humo. Mwandiko wa marehemu babu yako uko kwenye nyingi. Usiruhusu programu ijaze majina yenyewe kutoka mtandaoni. Nyimbo hizi hazijulikani huko sana, na itakupa jina la wimbo wa mtu mwingine wenye urefu uleule.

Nakala ziwe tatu: diski kuu kwako, nyingine huku, ya tatu mtandaoni. Memori kadi na flashi usizihesabu kama hifadhi. Kuna bandia nyingi zinazojitangaza GB 64 na ndani zina 8. Zinapokea mafaili yote kwa tabasamu, kisha yanayozidi hayafunguki. Ijaze yote kwa H2testw, programu ya kupima ukubwa wa kweli, kabla ya kuiamini.

Flashi ya bibi yako itengeneze mwisho. Sabufa yake inasoma flashi yenye mfumo wa FAT32 na mafaili ya MP3 tu, na inacheza kwa mpangilio mafaili yalivyonakiliwa, haiangalii majina. Kwa hiyo futa flashi yote kwanza, kisha nakili wimbo mmojammoja kuanzia 01, kanda baada ya kanda. Yeye anazijua kwa mpangilio wa kanda, na ukivuruga atakupigia simu.

Mama yako