Usiviruke Visiwa vya Orange

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi huku hatujambo, bibi yako anakusalimu sana, na mdogo wako ameshahamia upande wako wa kochi. Natumaini nawe u mzima na masomo yanakwenda vizuri. Fedha ya matumizi nimeshatuma. Sabuni na dawa ya meno vitakuja na mzigo wa mwisho wa mwezi.

Dhumuni la barua hii ni yale mazungumzo yetu ya Pokémon, ile katuni ya Kijapani ya viumbe wanaofunzwa kupigana, yaliyokatikia stendi. Ulisema mambo mawili huku unapanda basi. La kwanza, kwamba Ash, yule mtoto mkufunzi, mwanzoni hajui kupigana, na beji zenyewe, za kuwashinda wakuu wa majimu, anapewa za huruma. La pili, kwamba Visiwa vya Orange ni vya kuruka, mtu atoke Kanto, eneo la kwanza la hadithi, aingie Johto, eneo la baada ya visiwa, moja kwa moja. Basi likaondoka sijakujibu. Kwa kuwa simu hamruhusiwi huko, nakujibu kwa kalamu, tena kwa urefu, maana katuni hii naipenda tangu nikiwa msichana na siwezi kuona kipande chake kizuri kinatupwa nikanyamaza.

Kuhusu beji, umeona sawasawa. Kwa Brock, mkuu wa jimu kule Pewter, maji ya kuzimia moto yalimwagika kutoka darini yakamlowesha Onix, Pokémon wake wa mawe, na Pikachu, yule wa umeme wa Ash, akapata upenyo, lakini wadogo zake Brock wakamng'ang'ania Ash wakimsihi amwache kaka yao. Ash akaacha pambano, akaondoka. Brock ndiye aliyemfuata njiani akampa beji. Cerulean, dada zake Misty, msichana anayesafiri na Ash, walimpa ya kwao kwa kuwa aliwatimua Team Rocket, wale wezi wa Pokémon. Celadon jimu iliwaka moto, naye akaingia ndani kumtoa Gloom wa Erika. Saffron, Haunter, Pokémon wa kizimwi, alimchekesha Sabrina, mkuu wa jimu, msichana aliyekuwa amesahau kucheka, mchezo ukaishia hapo. Hiyo ni nusu ya beji zake nane, na hakuna hata moja aliyoipata kwa kumwangusha mpinzani mpaka mwisho.

Lakini mwanangu, waandishi walilijua hilo kabla yako, na bei yake waliitoza. Mfuate mpaka Indigo Plateau, kwenye ligi ya Kanto. Anafika kwenye 16 bora na kukutana na Ritchie, kijana mpole ambaye hata Pikachu anaye kama yeye. Ni kweli asubuhi ile Team Rocket wamemchelewesha na Pokémon wake wamechoka. Charizard lakini, joka lake la moto, hakuchoka. Anamshinda Charmander wa Ritchie bila shida, kisha anapoletewa yule Pikachu, analala chini katikati ya uwanja. Ash anamwita, anambembeleza, anamfokea. Joka limelala. Mwamuzi anampa Ritchie ushindi, na safari yote ya Kanto, sehemu 80 na ushee, inaishia hapo, kwa mtoto wa miaka kumi asiyeweza kumwamsha Pokémon wake mwenyewe mbele ya uwanja mzima.

Kwa hiyo unaposema Ash wa Kanto hajui kupigana, unasema kile kile ambacho hadithi yenyewe inakisema. Alikuwa na moyo, na moyo ulimfikisha mbali kuliko alivyostahili, hadi alipofika mahali ambapo moyo peke yake haukutosha.

Ukitaka kujua kwa nini Charizard alilala, rudi nyuma. Alipokutwa alikuwa Charmander mdogo, kaachwa juu ya jiwe na mkufunzi aliyeitwa Damian, kaambiwa asubiri. Mvua ikanyesha, naye akakaa pale pale, kajifunika jani ili ule moto wa mkiani usizimike, maana ukizimika na yeye amekufa. Ash na wenzake wakamkimbiza kwenye kituo cha matibabu, akapona, akamchagua Ash. Kila nikiitazama sehemu ile roho inaniuma. Baadaye akageuka Charmeleon, kisha Charizard, na kwa kila hatua akazidi kuwa jeuri. Ash alimwokoa, ila kumlea alikuwa hajui. Anamtoa kwenye Poké Ball wakati wa shida tu, anampigia kelele, anachomwa uso na moto, anamrudisha. Nikimtazama Ash wa Kanto namtazama kama mzazi, nataka kuingia kwenye runinga nimwambie: kaa naye kwanza.

Hapo ndipo vinapokuja visiwa vyangu.

Unajua vilizaliwaje? Michezo ya kwanza ya Game Boy ilitoka Japani mwezi Februari 1996, katuni ikaanza kwenye TV Tokyo tarehe 1 Aprili 1997. Kufikia mwanzoni mwa 1999 Kanto ilikuwa imekwisha, lakini Gold na Silver, michezo yenye ramani ya Johto, haikutoka hadi Novemba mwaka ule. Katuni haikuwa na pa kwenda. Basi wakabuni funguvisiwa ambalo halimo kwenye mchezo wowote, wakalijaza sehemu 36. Wengi wanaodharau Orange wanashikilia hilo, kwamba ni ya kupotezea muda. Mimi naona ndiko kulikoifaa. Kanto kila mji tayari ulikuwa kwenye mchezo, na kila mtoto wa Japani alishajua nani yupo jimu ipi. Kule visiwani waandishi hawakuwa na ramani ya kufuata.

Angalia majaribio yenyewe. Kisiwa cha Mikan, Cissy hampi mtu beji kwa kupigana. Anataka kuona Pokémon wako anavyolenga kwa maji, kisha mnashindana kukata mawimbi. Kisiwa cha Navel, Danny anakupandisha mlima kwa miguu yako, bila msaada wa Pokémon, ukifika juu unagandisha maji ya moto yanayofoka ardhini, unachonga barafu iwe kigari, mnashuka nacho mbio hadi ufukweni. Kisiwa cha Kumquat, Luana anataka wawili kwa wawili, na Ash anampanga Pikachu pamoja na Charizard, viumbe wawili wasiotaka hata kutazamana. Yote hayo yanapima kama mkufunzi na Pokémon wake wanaelewana. Ndicho hasa alichokikosa kwa Ritchie.

Na Brock, aliyekuwa akisafiri na Ash tangu Pewter, hayupo. Kabaki kwa Profesa Ivy, mtafiti wa Pokémon, nafasi yake kaichukua Tracey, mtaratibu na daftari lake la michoro. Masamitsu Hidaka, mmoja wa waongozaji, alieleza baadaye kwamba walihofia watazamaji wa nchi nyingine wangechukizwa na jinsi Brock alivyochorwa macho. Walipoona hakuna aliyelalamika, wakamrudisha. Mimi Brock nampenda, lakini kutokuwepo kwake kulisaidia. Alikuwa kama kaka mkubwa anayemsaidia Ash kufikiri, na sasa Ash ikabidi afikiri mwenyewe.

Sasa sehemu ninayokuomba uitazame hata kama hutatazama nyingine. Wanakutana na kijana anaitwa Tad, mwenye Poliwrath, Pokémon wa maji. Charizard anajitokeza mwenyewe kupigana, kwa kiburi chake, hasikilizi amri hata moja. Poliwrath anampiga miale ya barafu mpaka anaganda mzima mzima. Moto wa mkiani unakuwa cheche tu. Wanawasha kuni, wanamfunika, na Ash anakaa naye usiku kucha akimsugua kwa mikono ili joto lirudi. Mikono inachubuka. Misty na Tracey wanamwambia apumzike, hataki. Katikati ya usiku Charizard anafumbua jicho, anamkumbuka mtoto aliyemkuta juu ya jiwe kwenye mvua. Asubuhi Team Rocket wanafika kuiba kama kawaida yao, na yule aliyekuwa halali wala haamki kwa amri anasimama mbele ya Ash kumkinga. Kisha anarudiana na Tad, safari hii anasubiri aambiwe cha kufanya. Anashinda.

Watu wanaitaja sana ile ya Ash kumuaga Butterfree, kipepeo wake, na ni kweli inaliza. Lakini kuaga kunamliza yeyote. Kukesha na mtu aliyekudharau mbele za watu, bila kujua kama atakushukuru, hilo silioni mara nyingi kwenye katuni, wala kwenye maisha. Nimekesha na nyinyi wawili mkiwa na homa, najua mkono unavyokuwa alfajiri.

Matunda yake ni Drake, bingwa wa visiwa vile, kwenye kisiwa cha Pummelo. Pokémon sita kwa sita, mara ya kwanza kabisa kwa Ash. Charizard anapewa kazi ya kumkabili Dragonite, joka la Drake, na anaifanya. Anaanguka, lakini amepigana mpaka nguvu ya mwisho, kwa amri ya mtu anayemwamini. Dragonite anawaangusha wengine nao, hadi Pikachu anapomrukia kichwani na kummiminia radi. Ash anashinda kombe na jina lake linaingia kwenye ukumbi wa mabingwa. Ujue baada ya pale hakushinda ligi ya eneo lolote hadi eneo la Alola, mwaka 2019. Miaka ishirini! Na wewe unaniambia niruke.

Kuhusu Johto, nitakuwa mkweli: ni ndefu mno. Ilianza Oktoba 1999, na kwa kuwa michezo ya Ruby na Sapphire ilikuja Novemba 2002, ikabidi ivutwe miaka mitatu, zaidi ya sehemu 150. Kuna wiki nyingi ambapo wanapotea msituni, wanakutana na mtu mwenye Pokémon mmoja mpya, Team Rocket wanalipuka angani, wanaendelea. Ile GS Ball, mpira wa ajabu usiofunguka, waliyotoka nayo kisiwa cha Valencia kwa Profesa Ivy wakampelekea Kurt, fundi wa Poké Ball, ikaachwa hivyo hivyo. Ilikuwa ifunguliwe atoke Celebi, Pokémon adimu, lakini Celebi akapewa filamu yake na mpira ukasahauliwa kimyakimya. Sehemu za katikati ukitaka kuzipunguza, nakuruhusu.

Ila kupigana ndiko alikokujua huko. Whitney, mkuu wa jimu, na Pokémon wake Miltank wanamgaragaza, anakwenda kujipanga, anarudi na kushinda. Hakuna tena beji za kuokoa watu kwenye moto. Na mapema katika safari hiyo anampeleka Charizard kwenye bonde la Charizard wenzake, anamkuta kila aliyeko kule ni mkubwa na hodari kuliko wake. Anamwachia abaki ajifunze, kisha anaondoka mbio huku machozi yanamtoka. Tafadhali linganisha na Damian. Wote wawili walimwacha. Huyu alimwacha ili akue. Nilipokusindikiza kidato cha kwanza nilimkumbuka Ash wa bondeni, na nilipogeuka kwenye lile geti nilitembea haraka kwa sababu kama hiyo.

Halafu inakuja mechi na Gary. Huyu Gary ndiye aliyemdhihaki tangu siku ya kwanza pale Pallet, mji wao, na hata mwisho wa visiwa Pokémon wake Eevee alimshinda Pikachu. Kwenye mashindano ya Silver, ligi ya Johto, wanakutana hatimaye, sita kwa sita. Charizard anaitwa kutoka bondeni. Mbele yake yuko Blastoise, kiumbe wa maji, na kwa hesabu za kawaida moto hauna lake. Ash anamwamuru auchome uwanja wenyewe, uwanja wa mawe, mpaka mawe yawake. Blastoise anamwaga maji kuupoza, mvuke unajaa, haoni kitu, na Charizard anamshika, anapaa naye na kumtupa chini. Yule wa Kanto hakuwa na akili hiyo, wala hakuwa na Charizard wa kumsikiliza mpaka pale. Baadaye mpinzani mwingine, Harrison, anamtoa kwenye nane bora, Pokémon wake Blaziken akimwangusha Charizard huyo huyo, na Ash anapokea kwa utulivu ambao kwa Ritchie hakuwa nao.

Basi ukiruka Orange, Charizard wa Johto unamwelewaje? Unamwacha kalala uwanjani Indigo, unamkuta anatii amri kwa Falkner, mkuu wa jimu huko Johto, na kumshinda Pidgeot wake, na hujui kilichotokea katikati. Hoja yangu yote ni hiyo.

Jambo jingine ni la taa. Najua unanung'unika ninapokukatalia kutazama gizani. Tarehe 16 Desemba 1997, sehemu moja ya Kanto, ile ya Pokémon aitwaye Porygon, ilirusha mwanga mwekundu na wa bluu uliopishana kwa kasi kubwa, na watu wapatao 685, wengi wao watoto, wakapelekwa hospitali kule Japani. Katuni ilisimamishwa miezi minne. Tangu hapo runinga zao huwaonya watoto kabla ya katuni: washa taa, kaa mbali na kioo. Sehemu ile haikurushwa tena na haimo kwenye flashi yetu, lakini taa itawaka.

Flashi nimeiweka kwenye droo ya cherehani, mdogo wako kakatazwa kuigusa. Likizo ukifika, tunaanzia kwa Tad na Poliwrath, tunakwenda hadi Drake, halafu tunaruka mpaka Gary. Sehemu za msituni za Johto utachagua wewe, nami sitabisha. Ukiwa na jibu kabla ya hapo, andika. Mwalimu wako wa bweni amesema barua zinatoka Ijumaa.

Wako akupendaye,
Mama