Shukrani kwa dada wa maktaba ya Bronx

Dada yangu, jina lako sikulishika, ila nakushukuru hadharani. Nilikuwa najaza maombi ya NYC Teaching Fellows, ule mpango ulioanza mwaka 2000 wa kuwaandaa watu wenye shahada za fani nyingine wafundishe shule za New York zenye uhaba mkubwa wa walimu. Ulinisikia nikiongea Kiswahili kwenye simu, ukavuta kiti.

Hukunipa maneno matupu ya kunitia moyo. Uliniambia kwanza nipeleke matokeo yangu ya chuo nilichosoma Dar es Salaam yakatathminiwe somo kwa somo, maana bila hivyo shahada ya nje haisomeki kwao. Kisha ukachukua penseli, ukasoma insha yangu mstari kwa mstari. Pale nilipoandika kwamba napenda watoto, ukaniuliza: "Umewahi kumfundisha nani, na alikwama wapi?" Nikakusimulia yule binti wa tuisheni kule Mwanza, aliyekuwa akijumlisha nusu na theluthi anapata mbili ya tano, na jinsi tulivyokata karatasi vipande sita mpaka akaliona jibu mwenyewe. Ukasema, "Andika hilo."

Ndilo waliloniulizia zaidi kwenye usaili. Nimepokelewa, dada! Nitafundisha hesabu. Mafunzo ni kiangazi hiki, halafu darasani moja kwa moja huku nikisoma shahada ya uzamili jioni.

Mungu akuzidishie. Ukiisoma hii, tafadhali nitafute. Mke wangu naye anataka kukushukuru.