Mume wangu amekubali treni, meli ameikataa

Shangazi, shikamoo.

Mimi na Baba Salma tunaishi Columbus, Ohio, tangu 2004. Mimi ni mtu wa Pangani, yeye wa Wete, Pemba. Juni ijayo tunatimiza miaka 25 ya ndoa. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiweka akiba kutoka kazi yangu ya usiku ya kuhudumia wazee, ili twende Alaska.

Najua utashangaa kwa nini Alaska, na nauli hiyo ingetufikisha nyumbani. Kuna bibi mmoja niliyemhudumia mpaka siku yake ya mwisho. Ukutani kwake palikuwa na picha aliyoipiga marehemu mumewe: barafu ya rangi ya buluu, ndefu kama jengo la ghorofa, imesimama ndani ya bahari. Kila nilipomgeuza kitandani alitaka alale upande wa picha ile. Alinihadithia jinsi pande la barafu linavyokatika na kutumbukia. Unaliona likianguka, ngurumo yake inakufikia baadaye. Nikaweka nia kwamba nitakwenda kuisikia ngurumo hiyo, na nitakuwa na mume wangu ubavuni.

Safari niliyoilipia ina sehemu mbili. Kwanza nchi kavu: tunafikia Fairbanks, tunapanda treni mpaka Hifadhi ya Denali kwenye ule mlima wa mita 6,190, tunalala siku mbili, kisha treni inatuteremsha Whittier. Pale reli inaishia karibu kabisa na gati, na meli inangoja. Halafu siku saba za bahari mpaka Vancouver, Kanada, kupitia Glacier Bay, ghuba ambako barafu hushuka mpaka baharini, na miji ya Skagway, Juneau na Ketchikan.

Sasa kosa langu, Shangazi. Nilipomweleza Baba Salma nilisema sana habari za treni, mlima na dubu. Meli niliigusia tu, nikapita. Alifurahi mno. Alikwenda mpaka kwa sheikh kuuliza tutaswali vipi Fairbanks, maana mwezi wa Juni jua linatua baada ya saa sita usiku na kabla ya alfajiri ya kwetu limeshachomoza tena. Wiki iliyopita karatasi za safari zilifika kwa posta, akazisoma mwenyewe. Alinyamaza siku nzima. Usiku akaniambia, "Mama Salma, mimi nitakufikisha mpaka reli inapoishia. Majini siingii."

Nilijua sababu, na ndiyo maana nilipita haraka. Mdogo wake wa mwisho alikuwa ndani ya meli iliyozama Nungwi usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, ikitoka Unguja kwenda Pemba. Hakuonekana tena. Hakuna kaburi la kumsomea. Tangu hapo Baba Salma akienda Pemba hupanda ndege, na hata ufukweni hukaa mbali na maji. Mtu aliyezaliwa Wete, ambaye baba yake alikuwa mvuvi!

Nimejaribu kumweleza. Nimemwambia kila abiria anahesabiwa, kwamba kuna mazoezi ya dharura na kila mtu anaonyeshwa pa kukusanyika. Nimemwambia njia kubwa ni mkondo uliokingwa na visiwa, ingawa sikumficha kwamba kutoka Whittier lazima tuvuke kwanza Ghuba ya Alaska, na hiyo ni bahari wazi. Ananisikiliza kwa upole, kisha ananiuliza nataka chai.

Salma ametoa shauri kwamba aje yeye apande meli nami, baba yake aruke kutoka Anchorage atungoje Vancouver. Mwenyewe Baba Salma ameridhia haraka, na haraka hiyo imeniuma. Shauri jingine ni kuifuta meli, nipoteze malipo ya awali, tubaki nchi kavu. Karibu na Seward kuna barafu inayoitwa Exit Glacier, inafikika kwa gari na miguu. Lakini ile haigusi bahari, haina ngurumo niliyoihadithiwa.

Usiku nikiwa kazini nafikiri kwamba labda wiki moja juu ya maji, nikiwa nimemshika mkono, ingemfungua moyo. Halafu najiuliza ni nani aliyenipa ruhusa ya kumtibu mtu jeraha ambalo hajaniomba nilitibu. Na sijamwomba radhi kwa kumficha. Kila nikianza, ananikatiza kwamba hana neno.

Shangazi, nimsihi mara moja zaidi, niende na binti yangu, au niiache meli? Na nianzeje kumwomba radhi mtu anayekataa kwamba nimemkosea? Malipo ya mwisho yanatakiwa tarehe 15 mwezi ujao.

Mama Salma
Columbus, Ohio