Kwa Mama Tumaini, Kuhusu Kurudiwa na Bwana

Bukoba, Jumapili jioni

Mpendwa dada yangu Mama Tumaini,

Bwana Yesu asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nguvu, na shemeji akiwa anaendelea kupata nafuu. Sisi huku hatujambo; mvua zimeanza, senene wameonekana wachache mno, na Baba Koku ananung'unika kana kwamba mimi ndiye niliyewazuia njiani. Salamu nyingine zitafuata, maana kuna jambo linaloninyima usingizi tangu niliposikiliza ujumbe wako wa sauti, nami naona heri nianze nalo. Nimeliandika kwenye karatasi na kumkabidhi Anastela anayekuja huko Iringa, kwa sababu mambo ya namna hii hayazungumziki kwa simu inayokatika kila ukifika penye maana.

Ulisema, "Mama Koku, nimeambiwa Mungu ananirudi, yaani ananiadhibu, nami sijui ni kwa kosa gani." Kisha ukaeleza habari za yule mama wa kikundi cha maombi aliyekuja kumwombea shemeji, akakemea na kuvunja maagano mpaka majirani wakachungulia, halafu akatamka kwamba kiharusi hakiingii katika nyumba ya waliookoka isipokuwa kuna dhambi ya siri iliyokifungulia mlango. Tangu hapo, unasema, unakesha ukiyapekua maisha yako yote, kuanzia siku zetu za chuoni hadi ile fedha ya kikoba uliyochelewa kuirejesha. Fedha ya kikoba, dada! Kama Mungu angekuwa anapooza watu kwa kuchelewesha marejesho, hapa Bukoba asingebaki mtu wa kujitwika mkungu wa ndizi.

Nakutania, lakini nimekasirika, na hasira yangu haikuhusu wewe. Inamhusu mtu anayeikuta nyumba ina mgonjwa asiyeweza kugeuka kitandani, akaiacha ina wagonjwa wawili.

Najua alikusomea Waebrania sura ya 12: "Maana yeye ambaye Bwana ampenda, humrudi." Maneno hayo yamo, wala siyapingi, na mwandishi wa waraka mwenyewe aliyatoa katika Mithali sura ya 3. Lakini yule mama alianzia hapo na kuishia hapo. Angerudi nyuma hadi sura ya 10 angewakuta watu walioandikiwa maneno hayo, nao ni waumini waliotukanwa mbele ya watu, wakawahurumia wenzao waliokuwa vifungoni, wakakubali kwa furaha kunyang'anywa mali zao. Taabu yao haikutokana na dhambi waliyoificha, bali ilitokana na uaminifu wao. Dhambi inatajwa katika sura ya 12, ndiyo, lakini inatajwa kama mzigo wa kuwekwa kando ili mtu apige mbio, na kama adui wa kushindana naye, na hakuna mstari unaosema kwamba ndiyo iliyowaletea dhiki. Tena, kabla hata ya neno la kurudiwa, wanaambiwa wamtazame Yesu aliyeustahimili msalaba, ambaye sura ya 5 inasema kwamba, ingawa ni Mwana, alijifunza kutii kwa mateso yaliyompata. Sasa nani atathubutu kuuliza Yesu alikuwa na dhambi gani ya siri? Ikiwa Mwana asiye na kosa alipitishwa huko, basi mtu kukutwa huko hakuthibitishi kosa lake. Kinachothibitishwa, kwa maneno ya waraka wenyewe, ni kwamba yeye ni mwana wa halali.

Utaniuliza, kwani Mungu haadhibu dhambi? Anaadhibu, wala sitaki kumfanya awe babu mpole asiyeona kitu. Lakini angalia anavyofanya. Daudi alipochukua mke wa Uria, Nathani alitumwa kwake na kumwambia ana kwa ana, "Wewe ndiwe mtu huyo." Yona alipokuwa ndani ya merikebu iliyopigwa na tufani, hakuhitaji mtu wa kumfumbulia, maana aliwaambia mabaharia mwenyewe kwamba tufani ile imewapata kwa ajili yake. Wakorintho walipougua kwa sababu ya kuidharau meza ya Bwana, Paulo aliwaandikia waziwazi kwamba sababu ni hiyo. Sijapata kusoma mahali ambapo Mungu alimpiga mtoto wake kisha akamwacha akeshe akibahatisha makosa. Kwa hiyo, kama lipo jambo ambalo Roho Mtakatifu amekuonyesha kwa jina lake, litubu leo na kulala. Kama hakuna, acha kuyachimba maisha yako, kwa sababu unachokitafuta huko hakikuwekwa na Mungu.

Kwa nini nalisemea jambo hili kwa ukali? Unalikumbuka tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016. Ilikuwa Jumamosi alasiri. Watu zaidi ya kumi na watano walikufa mkoani Kagera, nyumba kwa maelfu zikabomoka au kupata nyufa, na majengo ya Ihungo na Nyakato, shule mbili za sekondari ambazo kila mtu huku alizijua, yakaharibika kiasi kwamba zilifungwa kwa muda. Usiku ule wengi wetu tulilala nje. Kesho yake, mhubiri mmoja, ambaye nyumba yake haikuwa na hata ufa, alisimama na kutueleza kwamba Kagera imepigwa kwa sababu ya dhambi zake. Jirani yangu ambaye nyumba yake ilikuwa imelala chini alikuwa ameketi mbele yangu, na mgongo wa kitenge chake ulikuwa bado umejaa vumbi la matofali. Nilitamani mtu asimame asome Luka sura ya 13, pale Bwana anapowauliza watu kuhusu wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu, kama wanadhani walikuwa wakosaji kuliko watu wote waliokaa Yerusalemu, kisha akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Wito wa kutubu aliutoa papo hapo, ni kweli, lakini aliutoa kwa wote waliokuwa wakimsikiliza, na hakuugeuza kuwa maelezo ya kwa nini wale walikufa.

Nirudi kwa shemeji. Katika ujumbe wako kuna kipande ambacho labda ulikisema bila kukifikiria, kuhusu yule kijana wa mazoezi ya viungo anayekuja nyumbani. Ulisema humkunjua shemeji vidole vya mkono wa kulia kimoja kimoja, akianza na kidogo na kumalizia na gumba, na shemeji hutokwa machozi. Halafu huweka maharage kwenye sahani na kumtaka ayahamishie kwenye kikombe, na yakimwagika sakafuni anayaokota na kuanza upya, bila kumwonea huruma na bila kumkemea. Sasa fungua tena Waebrania 12, mstari wa 11 hadi wa 13. Mwandishi anakiri kwamba wakati wake adhabu haionekani kuwa kitu cha furaha, bali cha huzuni, ila baadaye huwaletea matunda wale "waliozoezwa nayo". Na neno linalofuata mara moja ni hili, "inyosheni mikono iliyolegea na magoti yaliyopooza," ili kilicho kiwete kisipotoshwe, bali afadhali kiponywe. Nilipofika hapo niliifunga Biblia, nikasimama, nikaifungua tena. Yule kijana humuumiza shemeji kila anapokuja, naye hana ugomvi naye hata kidogo, na hakuna anayekuuliza shemeji alimkosea nini. Lengo lake ni mkono ufanye kazi. Hivyo ndivyo ninavyolielewa rudi la Baba yetu.

Lakini sitaki kusema zaidi ya ninachokijua. Sisemi kwamba Mungu ndiye aliyemletea shemeji kiharusi ili akufundishe uvumilivu, kana kwamba ubongo wa mume wako ni ubao wa kukuandikia wewe somo. Maombolezo sura ya 3 inasema kwamba moyo wake hapendi kuwatesa wanadamu. Presha ilimwandama shemeji kwa muda mrefu, na wewe ndiye uliyekuwa ukimkumbusha vidonge huku yeye akikusahihisha Kiswahili. Ninachosema ni kwamba jambo hili, likiwa limeshawafika, haliko nje ya mikono ya Baba, na kwamba anao uwezo wa kulikusudia mema hata kama sisi hatuyaoni. Yusufu aliuzwa akiwa na miaka 17. Akasimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30. Ukijumlisha miaka saba ya shibe na miwili ya njaa, unapata miaka 22 kabla hajajitambulisha kwa ndugu zake na kusema kwamba Mungu ndiye aliyemtangulizi­sha kwenda kuokoa maisha ya watu. Kule gerezani, Biblia inasema tu kwamba Bwana alikuwa pamoja naye, wala hatuoni akipewa maelezo. Kwa hiyo yeyote anayekudai ueleze kusudi la Mungu wakati bado unambadilishia mgonjwa mashuka, anakudai kitu ambacho Yusufu mwenyewe hakuwa nacho.

Sasa lile lililonitisha kuliko yote. Ulisema yule mama ameshauri shemeji aache vidonge vya presha wakati wa mfungo, ili imani isigawanyike. Nakusihi, dada yangu, usikubali, na kama mmeshaacha, mrudisheni kwa daktari bila kungoja kitu. Mtu aliyekwisha kupata kiharusi yumo katika hatari kubwa ya kupata kingine, na presha iliyoachwa bila dawa ndiyo hukialika. Kuhusu imani kugawanyika, mkumbushe Paulo, ambaye leso zake zilipelekwa kwa wagonjwa kule Efeso wakapona. Mtu huyohuyo alimwandikia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara, na Trofimo, ambaye alikuwa Mwefeso, alimwacha Mileto akiwa mgonjwa. Hakumtuhumu Trofimo kwa lolote. Alitaja tu kwamba hawezi, akaendelea na habari nyingine.

Na hili la kwamba huwezi kuomba, na kwamba umeacha kwenda ibadani kwa sababu unaona watu wanakutazama. Soma Zaburi ya 88. Mwenye zaburi hiyo analia mchana na usiku, anamlaumu Mungu usoni pake, na inaishia gizani bila hata mstari mmoja wa kujifariji, lakini imo katika Biblia, na kanisa limeiomba kwa karne nyingi. Kama huna maneno, omba kwa hayo. Kuhusu wanaokutazama, wako wa aina mbili, na wale wazee wako waliokuja, wakaketi kimya na kuondoka baada ya kumgeuza shemeji ubavu wa pili, usiwahesabu pamoja na yule mama. Hata marafiki wa Ayubu walifanya vema siku saba za kwanza walipokaa naye chini bila kusema neno. Uharibifu ulianza walipofungua midomo, na mwishoni Mungu alisema wazi kwamba hawakunena yaliyo sawa katika habari zake. Wewe pia una uji ambao Mama Rehema hukuletea kila asubuhi. Nilipokusikia ukiutaja harakaharaka, kama kitu kidogo, nilitaka kukukatiza. Upendo wa Mungu unaosema huuoni, uliutaja wewe mwenyewe bila kujua, ukiwa ndani ya chupa ya chai.

Halafu kuna lile la wimbo. Kwamba shemeji hawezi kuomba maji, anakuita kwa jina la dada yake, lakini ukianzisha wimbo wa Kwaresima anaimba ubeti mzima bila kukwama. Wataalamu husema kwamba kuimba hutegemea pia sehemu za ubongo ambazo mara nyingi hazidhuriki kiharusi kinapoupiga upande wa kushoto, kwa hiyo usimruhusu mtu alitangaze kuwa muujiza, wala usimruhusu mtu alidharau. Mwimbie tu. Yule aliyeuumba ubongo na kuutenga hivyo anastahili shukrani bila sisi kumwongezea chumvi.

Nijibu basi, hata kwa mistari michache. Vidonge anameza? Presha ilipimwa lini mara ya mwisho, na ilisoma ngapi? Yule kijana wa mazoezi mnamlipaje, na je, mkikwama utaniambia au utanyamaza kama kawaida yako? Tumaini anakusaidia zamu za usiku, au bado mnamficha hali ya baba yake kwa sababu ya mitihani? Mchungaji wenu anajua ulichoambiwa na yule mama? Ungependa nizungumze naye, au nitakuwa nimeingilia? Na nikija baada ya mavuno ya kahawa nikae wiki mbili, ili wewe ulale, kitanda cha wageni bado kipo au mlikihamishia chumba cha mgonjwa?

Anastela amebeba kahawa, kilo mbili, na senene kidogo waliopatikana. Wa shemeji wasitiwe chumvi.

Ndimi dada yako katika Kristo,
Mama Koku