Kiwanda cha maembe kitaendeshwa na nani?

Mhariri,

Kila maembe yanapoanza kuozea chini ya miembe huku Magarini na Marafa, ahadi huwa ni ile ile: kiwanda kinakuja. Sina ugomvi na kiwanda. Nauliza tu kitaendeshwa na nani, maana nikitazama vijana wetu wa Malindi wanavyofundishwa, naona mafundi watatoka mbali na wetu watabaki kupakia magunia. (Wenzetu wa Kilifi mjini watusimulie habari za kiwanda cha korosho, kilichofungwa miaka ya 1990.)

Mimi hununua maembe ya ngowe na boribo shambani, mengine nikayakausha. Hasara huanzia juu ya mti. Embe likitikiswa likaanguka, au likakwanyuliwa bila kikonyo, utomvu humwagikia ganda na kuliunguza. Jioni utaliona zuri. Likifika soko la Kongowea, Mombasa, lina madoa meusi na bei imeshashuka. Kulikata na kikonyo cha sentimita moja au mbili, kuliinamisha utomvu udondoke, kisha kulipanga kwenye kreti badala ya kulitumbukiza guniani, ni mambo ya kufundishwa asubuhi moja. Nani anayafundisha?

Halafu kuna nzi wa matunda, yule aliyetoka Asia na kugunduliwa Kenya mwaka 2003. Kwa ajili yake nchi ilijizuia yenyewe kupeleka maembe Ulaya mwaka 2014, na biashara hiyo haikufunguliwa tena hadi 2021. Watu hutundika mitego wakadhani wamemaliza. Funza hutoka ndani ya tunda lililoanguka, akaingia mchangani, na nzi mpya akatokea hapo. Jirani asipookota yake na kuyafukia chini sana, mtego wako ni pambo.

Kwenye ukausho ndiko kuna kituko. Kikundi kimoja cha kina mama nikijuacho kililetewa mashine na wafadhili, wakapigwa picha, wakaachiwa. Hakuna aliyewaambia kwamba moto ukizidi, kipande hukauka upesi nje kikawa kigumu, ndani kukabaki maji. Baada ya muda ukungu huota ndani ya pakiti. Kipimajoto kilipokufa hapakuwa na fundi karibu. Leo mashine ile inawekewa ndoo juu.

Vyuo vya ufundi vya vijijini tunavyo. Vinafundisha ushonaji, ususi, uashi, ufundi wa magari, na sivibezi. Lakini samaki wa Ngomeni wanahitaji fundi wa friza na barafu, na maembe yanahitaji mtu anayejua kukausha, kufungasha na kusafisha meza ya kazi hadi mkaguzi akubali. Tena Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa kaunti yote mawili, kilimo na vyuo hivi. Basi ofisi mbili za serikali moja zinashindwaje kuketi pamoja?

Ningependa kozi fupi, tena ziendeshwe msimu wenyewe, mwisho wa mwaka, miti ikiwa na matunda. Kumfundisha mtu kuchuma embe mwezi ambao hakuna embe ni mzaha. Zifanyikie shambani, na mkwezi mzee mwenye upembo wake, ule mti wa kuangulia matunda, alipwe kama mwalimu, hata kama hakumaliza darasa la saba. Mekanika aliyejifunzia gereji hufanya mtihani wa vitendo wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, akapata cheti cha gredi; huyu naye apimwe kwa kazi yake. Wanaonunua kwa wingi wachangie pia, kwa sababu ndio wa kwanza kulalamika kwamba mzigo umeharibika.

Na matangazo ya kozi yasibandikwe ofisini peke yake. Yapelekwe kwenye mizani ya maembe Gongoni na Marafa, ambako vijana wenyewe hushinda.

Mnunuzi wa maembe,
Malindi