Dereva anakaa wapi?

Tunduma, Jumatano usiku

Mwanangu Zuhura,

Shikamoo, mama yangu. Najua mtoto ndiye anayeamkia, ila wewe umebeba jina la bibi yako, nikikuita tu najikuta nimeshainamisha kichwa. Mama yako akusomee taratibu, na pale unapoweza soma mwenyewe.

Mimi mzima. Leo siku ya pili niko kwenye foleni ya kuvukia Nakonde, na mbele yangu naona malori kumi na saba kabla barabara haijakata kona. Hapa kazi ni mbili, kulala na kupiga soga, na zote zimenichosha. Kwa hiyo nakiri: ile roboti yako ya kuchezea, ile ya lori linalogeuka roboti, nimeshaifungua. Usinune. Hata gari lenyewe silitoi yadi kabla sijalizunguka nikapiga tairi teke, sembuse kitu nitakachomkabidhi mwanangu.

Nimeinunua Mwanjelwa pale Mbeya, shilingi elfu kumi na mbili baada ya kuvutana sana na muuzaji. Ni nyekundu juu, miguu ya bluu, urefu kama kiganja changu na kidole kimoja juu yake. Siyo ile kubwa uliyoiona kwa jirani. Ile nilishaigeuza mimi mwenyewe siku aliponiletea yule kijana, unakumbuka? Karatasi ya maelekezo ilikuwa na picha hadi nyuma, nikatoka jasho, na tulipomaliza tukabaki na mkono mmoja ambao haukuwa na pa kwenda. Sasa hivi ile ni lori moja kwa moja, haijawa roboti tena. Nilipoiona hii yako nikasema hapa sasa.

Ina hatua tano. Unaisimamisha lori kwa nyuma, matairi ya mbele yakiangalia juu. Unavuta sehemu ya nyuma, inashuka na kuwa miguu. Unakunja nyayo zije mbele, la sivyo itaanguka chali. Mikono iko ubavuni, unaifungua kama milango. Mwisho unabonyeza kifua na kichwa kinaruka juu kwa springi, tak! Utingo wangu hakuwahi kuishika maishani, lakini aliimaliza kabla chai yake haijapoa, halafu akaomba arudie. Ana miaka ishirini na tisa.

Mimi nimeigeuza mara thelathini huku nahesabu. Bawaba za miguu zina pini ya chuma, hizo hazina neno. Mikono imeshikwa na kitufe cha plastiki kilichosukumizwa tundu, na huo ndio ugonjwa utakaoiua siku moja: ukivuta kwenda nje badala ya kuzungusha, kitatoka, na kila kikirudishwa kinalegea zaidi. Zungusha, usivute. Viwiko havikunji kabisa. Roboti inasimama kama askari wa gwaride, na usitegemee itakushika kitu chochote.

Kwa roboti naipa saba kwa kumi. Kwa lori, mama, hapo umegusa kazi yangu, naipa nne. Tairi moja la mbele lilikuwa halifiki chini. Nimeiweka juu ya kioo cha simu nikaona mwanga unapita, sawasawa na gari lililopinda chesesi kwenye ajali. Nimelegeza skrubu ya tumboni nusu mzunguko, sasa yote sita yanagusa. Kingo za paa zilikuwa zinakwaruza, nimepitisha msasa. Stika za taa zimebandikwa upande, nikaziacha, zinampa sura ya mtu aliyeamshwa usingizini. Lakini hawa waliotengeneza kichwa cha lori wakasahau tela! Nyuma kuna tundu tupu. Mwambie mama akutunzie boksi la dawa ya meno, nikirudi tutalitia matairi ya ndala. Hayo najua kuyakata tangu nikiwa mdogo kuliko wewe.

Sasa swali lako la kwenye simu. Uliniuliza, baba, lori likiwa roboti dereva anakaa wapi? Nikacheka, nikakwambia nitakujibu, halafu usiku sikulala vizuri. Nimeuliza, nimesoma kwenye simu, haya ndiyo niliyoyapata.

Roboti yako imeiga ya zamani, ile maarufu, Optimus Prime. Ile ilizaliwa Japani, mwaka 1983, ikitengenezwa na kampuni ya Takara katika aina ya midoli iliyoitwa Diaclone. Huko haikuwa kiumbe, ilikuwa mashine, na mashine ina mwendeshaji. Midoli ya Diaclone ilikuwa na vijitu vidogo vya kama sentimita tatu, miguuni vina sumaku visianguke kwenye chuma, na hao ndio walioziendesha. Ile ya lori, kifuani nyuma ya kioo, ilikuwa na nafasi ya kumkalisha. Mwaka 1984 kampuni ya Kimarekani, Hasbro, ikaichukua, ikaiita jina hilo unalolijua, na ikasema sasa lori lina akili na roho yake, linajiendesha. Dereva wakamshusha hapo. Hakuna aliyemuuliza.

Halafu angalia sura yake. Ile ya mwanzo ni bapa kama letu hili, unakaa juu ya injini, kioo kiko puani. Marekani nao walikuwa nayo mengi ya hivyo, kwa sababu sheria zao zilipima urefu wa gari zima, kwa hiyo kichwa kifupi kilikupa tela refu. Mwaka 1982 sheria ikabadilika, wakawa wanapima tela peke yake, na madereva wao wakarudi kwenye pua ndefu. Na kwenye sinema yake ya 2007, Transformers, ni lori la Kimarekani aina ya Peterbilt lenye pua ndefu. Mimi nabaki na hii bapa. Pale Kitonga, kwenye zile kona, nataka kuona lami iliyo chini ya miguu yangu, siyo boneti.

Nikaona nichungulie na yako. Nimefungua skrubu nne za kifuani kwa bisibisi ndogo ya saa. Ikiwa lori, kichwa cha roboti kimejikunja ndani ya kabini, kimejaa pale pale kwenye kiti cha dereva. Hata mchwa hapati pa kukaa. Lakini ukikibonyeza kikaruka juu, nyuma ya kioo panabaki uwazi, mdogo, kama wa kuingia ncha ya kidole chako. Kwa hiyo kwa hii yako jibu ni kwamba dereva anapata nafasi lori likishasimama.

Nimekuwekea mmoja. Ni punje ya hindi, nimeitoa kwenye hindi la kuchoma tulilonunua hapa leo jioni, nikaichora macho mawili na masharubu kwa kalamu. Utamwingiza kupitia dirishani roboti ikiwa imesimama. Kumbuka kumtoa kabla hujaikunja iwe lori, la sivyo kichwa kitamsaga.

Kibunduki kilichokuja nayo kimebaki kwenye boksi langu la spana, ni kidogo mno na mdogo wako bado anaonja kila kitu. Roboti yenyewe atakuletea dereva mwenzangu anayeshuka Dar kesho. Ukishamaliza kucheza iweke juu ya kabati, na huyo dereva mweke kwenye kibweta chako, mbali kabisa na mdogo wako. Akimwona tu atamtafuna.

Baba yako